Kichwa kinachouma kila asubuhi: kijana mwenye uvimbe wa ubongo, kutoka Butembo hadi Kampala

Kadiri ya hesabu za Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), watoto na vijana karibu 400,000 wasiozidi miaka 19 wanapata kansa kila mwaka duniani. Katika inchi tajiri, zaidi ya 80 kwa 100 wanapona. Katika inchi nyingi zenye uwezo mdogo, wanaopona hawafiki 30 kwa 100. Mwaka wa 2018 OMS ilianzisha mpango wa kufikisha angalau 60 kwa 100 ifikapo 2030, na kati ya kansa sita ilizochagua kuanzia nazo, moja ni ya ubongo: ile glioma inayokua polepole.

Kwa sisi wa Butembo, Beni na Lubero, hesabu hizo zinaonekana ni za mbali. Lakini ulizia katika kartiye yako, iwe Bulengera ao Kimemi, Mususa ao Vulamba. Hautakosa kusikia habari ya kijana "aliyeanza na kichwa tu". Alitibiwa malaria, akatibiwa tifoide, akapelekwa kwenye chumba cha maombi, akarudi hospitali, na siku alipopata skaneri tayari macho yalikuwa yamezimika. Si kila mara inakuwa uvimbe. Ila pale inapokuwa uvimbe, hasara kubwa inakuwa imeshapatikana katika ile miezi iliyopita kabla ya mtu yeyote kufikiria ubongo. Mashine za mionzi hatuna, na hatutazipata kesho. Hiyo miezi ndiyo tunaweza kuipunguza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyikia hapa hapa, katika kituo cha afya cha karibu, darasani na nyumbani.

Fuvu halitanuki

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Uvimbe wa ubongo ni kitu chochote kinachokua ndani ya kichwa pasipo kuwa mahali pake. Kansa ni ule uvimbe unaovamia sehemu za jirani na kurudi hata ukitolewa. Tumboni, uvimbe usio kansa unaweza kukaa miaka mingi mwenyewe bila kujua. Kichwani mambo ni mengine, kwa sababu fuvu ni mfupa na halitanuki. Hata uvimbe mpole, mdogo kama ndimu, ukiziba njia ya majimaji ya ubongo unaweza kuua kwa siku chache. Kwa hiyo daktari wa kichwa anauliza maswali mawili kwa pamoja: ni wa aina gani, na unakaa wapi?

Aina zinabadilika kufuatana na umri. Watoto na vijana wadogo wanapata zaidi glioma inayokua polepole, pamoja na medulobilastoma, kansa kali inayoanzia kwenye ubongo mdogo wa nyuma, upande wa kisogo, mahali panapoongoza mwendo na usawa wa mwili. Kati ya miaka 10 na 20 hivi kuna pia uvimbe unaoitwa jeminoma. Huo unakaa katikati ya kichwa, karibu na tezi inayoongoza homoni, na ukipata mionzi jinsi inavyotakiwa, zaidi ya wagonjwa tisa kwa kumi wanapona katika hospitali zenye vifaa. Kuanzia miaka 20 kwenda mbele zinaonekana glioma za watu wazima, ambazo mara nyingi alama yao ya kwanza ni kifafa.

Kijana wa miaka 17 basi anaweza kuwa na ugonjwa wa watoto ao ugonjwa wa watu wazima, na dawa zake si zilezile. Mtu asikuambie "kansa ya kichwa ni kansa ya kichwa".

Alama zinazosomewa vibaya

Ubongo ukibanwa unasema, ila unasema kwa maneno yanayofanana na ya magonjwa mengine. Kichwa kinauma zaidi asubuhi, kwa sababu mtu akilala presha ya ndani ya kichwa inapanda. Kijana anatapika akiamka, mara nyingine bila hata kichefuchefu, halafu anajisikia nafuu na kwenda masomo. Saa nne ya asubuhi ukimwona utasema ni muzima kabisa. Juma linapita, lingine linapita. Anaanza kuona vitu viwili viwili, ao anainamisha shingo upande mmoja ili aone vizuri. Mwandiko wake unaharibika. Anagonga milango, anakosa usawa akishuka mteremko. Mwingine anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa usiku kucha, mwingine haongezeki kimo wakati wadogo zake wanampita, na msichana anaweza kukatika hedhi.

Sasa tuangalie jinsi watu wanavyozisoma alama hizo kwa kijana. Msichana wa miaka 16 anatapika kila asubuhi: nani katika kartiye atafikiria ubongo? Wote wanafikiria mimba. Kipimo kinafanywa, hakuna mimba, mama anapumua, na swali linaishia hapo, wakati ndipo lingepaswa kuanza. Mvulana anayumbayumba barabarani: wanasema ni kasiksi, ao ni bangi. Pointi zinashuka darasani: ni simu, ni mapenzi, ni uvivu. Amekuwa mkali ao mnyamavu: ni ujana. Kila alama ina maelezo yake tayari, na ndiyo sababu umri huu unachelewa. Mtoto wa miaka mitatu akianza kuanguka, mama atakimbia naye hospitali. Kijana anapewa mashauri kwanza, halafu matusi, na mwishoni kabisa anapewa fishi ya hospitali.

Kifafa nacho kina hadithi yake. Katika eneo letu na kwa majirani wetu, kifafa kinatoka kwenye sababu nyingi: malaria iliyopanda kichwani, mnyoo wa nguruwe ambao mabuu yake yanafika kwenye ubongo, majeraha ya kichwa, na katika sehemu za Ituri na Uganda ya Kaskazini watafiti wamekihusisha na ugonjwa wa upofu wa mtoni. Lakini mtu aliyefika miaka 19 bila kuanguka hata siku moja, kisha akaanguka, anahitaji kutafutiwa sababu. Familia nyingi zinaitafuta kwa jirani, kwamba amemloga. Wengine wanakwenda kuombewa. Hatuna neno baya juu ya maombi. Tunachosema ni kwamba mtu anaweza kuombewa akiwa na karatasi ya daktari mfukoni.

Halafu kuna tifoide. Katika muji wetu, mwenye kichwa cha juma moja mara nyingi atatoka na dawa za malaria na za tifoide kwa pamoja. Kipimo cha Widal kinaweza kusema "ndiyo" hata kwa mtu asiye na tifoide leo, kwa sababu kinaangalia kumbukumbu ya damu. Dawa ya kwanza isipofaa, wanabadilisha dawa. Ya pili isipofaa, wanabadilisha kituo. Na kila kituo kinaanza upya, na fishi mpya, kana kwamba ugonjwa umeanza jana.

Uingereza nao walikuwa na ucheleweshaji huo. Waligundua kwamba tangu alama ya kwanza hadi ugonjwa kujulikana, ilikuwa inapita zaidi ya majuma 14 kwa mtoto wa kawaida. Mwaka wa 2011 wakaanzisha kampeni ya HeadSmart. Kitu chake kikubwa kilikuwa kadi ndogo ya mfukoni yenye alama za hatari, zikigawanywa kwa umri: chini ya miaka 5, kati ya 5 na 11, na kati ya 12 na 18. Waliigawa kwa wazazi, walimu na waganga. Katika miaka iliyofuata, muda ule ulishuka chini ya majuma 7. Hawakununua mashine mpya kwa ajili ya hilo. Walibadilisha swali ambalo muganga wa kwanza anajiuliza.

Kutoka kwenye kazi hiyo kuna vipimo viwili rahisi vya kukumbuka. Kutapika kunakorudi kwa zaidi ya majuma 2, ao kichwa kinachorudi kwa zaidi ya majuma 4, mgonjwa aangaliwe upande wa ubongo. Na kama kuna alama mbili pamoja, kwa mfano kichwa na macho, ao kutapika na mwendo wa kuyumba, usingoje hayo majuma yatimie.

Dakika kumi za muganga

Watu wengi wanafikiri pasipo skaneri hakuna la kufanya. Hapana. Muganga wa kituo cha afya anaweza kujua mengi kwa dakika kumi na mikono yake. Amwambie kijana atembee kwa mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole. Amwambie aguse pua yake, kisha kidole cha muganga, mara kadhaa. Aangalie kama macho yote mawili yanafuata kidole kila upande, na kama anaona vidole vinavyochezeshwa pembeni. Aandike kimo na uzito, aulize kuhusu hedhi na kubalehe, maswali ambayo kwa aibu hayaulizwi mbele ya papa wa mtoto. Basi papa aombwe kutoka kidogo. Tena, mahali palipo na kile chombo chenye taa cha kuangalia ndani ya jicho, kiangaliwe kama mshipa wa jicho umevimba. Mshipa uliovimba ni ishara kwamba presha ya kichwa imepanda, na hapo kazi ya kituo ni kuandika transferi siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja la hatari ambalo wauguzi wanalijua, lakini kwa haraka linasahaulika. Mgonjwa mwenye homa na kichwa kikali anaweza kufikiriwa kuwa na menenjiti, na kipimo chake ni kuchoma sindano mgongoni ili kutoa maji. Kama ndani ya kichwa kuna uvimbe mkubwa, kutoa maji hayo kunaweza kusukuma ubongo chini na kumuua mgonjwa. Macho, mwendo na akili viangaliwe kwanza. Kukiwa na mashaka, dawa za menenjiti zinaweza kuanzishwa bila kungoja sindano ya mgongo.

Lingine ni dexamethasone. Ni dawa ya bei ndogo, inapatikana karibu kila farmasi, na inapunguza uvimbeuvimbe unaozunguka ule uvimbe wenyewe. Mgonjwa aliyekuwa amelala kama mti anaweza kuamka kesho yake, akaomba chakula, akacheka. Tunafurahi, ndiyo. Ila hapo ndipo safari nyingi zinakufa. Familia inasema amepona, feza zilizochangwa zinarudi kwenye biashara, na mwezi mmoja baadaye anaanguka vibaya kuliko mwanzo. Dawa hiyo haigusi uvimbe. Inawapa muda wa kusafiri. Na mtu aliyeinywa kwa majuma kadhaa asiiache kwa ghafla, ipunguzwe polepole jinsi daktari anavyoonyesha.

Tulichojifunza wakati wa Ebola

Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Iliua watu zaidi ya 2,200. Katwa na Butembo zilikuwa kati ya mahali palipoumia sana. Hakuna anayetaka kukumbuka mwaka wa 2019: vituo vya matibabu vilivyoshambuliwa mwezi wa 2, na daktari Richard Mouzoko wa OMS, mwana wa Kameruni, aliyeuawa tarehe 19 mwezi wa 4 ndani ya Kilinike za Chuo Kikuu cha Graben.

Lakini katika miaka hiyo muji huu ulijifunza kazi ambayo miji mingi haijui. Wahamasishaji wa afya, wale RECO, walizunguka nyumba kwa nyumba na orodha. Mama muuza ndizi alijua alama za ugonjwa kwa kichwa. Aliyepona aliandikwa, akaitwa kila mwezi kuchunguzwa macho na mwili. Mgonjwa alikuwa na fishi moja iliyomfuata. Kwa nini mtandao huo usibebe pia kadi ya alama za ubongo? Ebola ilidai magari, makombora ya plastiki na mamilioni ya dola. Kadi inadai karatasi, mafunzo ya nusu siku, na zone ya afya inayokubali kwamba ugonjwa usioambukiza nao ni ugonjwa.

Kuna funzo la pili, na ni gumu zaidi. Wakati ule watu walikimbia vituo kwa sababu waliona wapendwa wao wanachukuliwa na gari na hawarudi, wala hakuna aliyewaeleza. Woga huohuo uko leo kuhusu kupasuliwa kichwa: "Ukifunguliwa kichwa haurudi mutu." Kuna wanaorudi wazima na kuna wasiorudi, na daktari anayemwambia mzazi ukweli wote wawili kabla ya safari anaaminiwa kuliko yule anayeahidi tu.

Barabara ya Kasindi

Tuseme kijana ameonwa, ana barua ya transferi. Hatua ya kwanza ni picha ya ndani ya kichwa. Kabla ya kufunga safari, ulizia kwa simu hospitali kubwa za Butembo na Beni kama skaneri inafanya kazi siku hiyo, kama dawa ya kuchoma kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri ipo, na nani atakayeisoma. Picha bila msomaji ni karatasi nyeusi. Upande wa Goma, njia iliyokuwa ya kawaida kwa wagonjwa wetu imekuwa ngumu tangu M23 walipoingia Kanyabayonga mwezi wa 6, 2024, kisha Goma mwezi wa 1, 2025. Kinshasa ni ndege. Kwa familia nyingi inabaki barabara ya Beni na Kasindi, ileile ya wafanyabiashara wetu, ambayo marais wa Kongo na Uganda walizindua ujenzi wake tarehe 16 mwezi wa 6, 2021, na ambayo bado inashambuliwa mara kwa mara. Msafiri mwenye mgonjwa aulize habari za njia asubuhi ya kuondoka, wala asipite usiku.

Ng'ambo ya mpaka, mpaka Kasese, mama anaweza kuongea Kinande chake na Wakonzo wakamwelewa. Mbele ya hapo mambo yanageuka: Kiingereza na Kiganda. Fishi yetu yote imeandikwa Kifaransa. Hili jambo dogo linapoteza siku nyingi, kwa hiyo mwombe daktari wa Butembo aandike barua ya transferi kwa Kiingereza pia, hata nusu ukurasa: alama zilianza lini, alipewa dawa gani na kwa kipimo gani, skaneri inasema nini. Picha zenyewe zibebwe, pamoja na CD yake; ripoti peke yake haitoshi.

Madaktari wa kupasua kichwa wako Mulago, Kampala, ambako timu ya chuo kikuu cha Duke cha Marekani imekuwa ikisaidia kazi hiyo tangu 2007, na wako pia Mbarara, karibu zaidi na kwetu. Kwa watoto, hospitali ya CURE huko Mbale imejulikana dunia nzima kwa sababu ya kutibu kichwa kilichojaa maji. Ndipo daktari Benjamin Warf alipoendeleza njia ya kufungua mlango mpya wa majimaji ndani ya ubongo bila kuacha mpira mwilini, njia inayofaa sana kwa mtu anayeishi mbali na hospitali, kwa sababu mpira ukiziba unahitaji daktari haraka. Kijana ambaye uvimbe umemzibia majimaji anaweza kuokolewa na operesheni hiyo ndogo kabla hata uvimbe haujaguswa.

Wakati wa kupasua, kipande cha uvimbe kinachukuliwa kwenda kuangaliwa kwa darubini. Usiondoke bila karatasi ya jibu hilo. Tunasisitiza kwa sababu ndiyo karatasi inayopotea sana, na bila hiyo hakuna daktari, awe wa Kampala, wa Nairobi ao wa Brussels, anayeweza kusema kama kijana anahitaji mionzi, kemoterapia, vyote viwili, ao kufuatiliwa tu.

Mionzi ndiyo mlima. Inatolewa siku tano kwa juma, kwa muda wa karibu majuma sita. Kila kipindi ni dakika chache. Gharama inayovunja familia mara nyingi ni kulala na kula kwa mgonjwa na mlinzi wake, miezi miwili, katika muji wa watu. MUSO na likelemba nyingi huchangia operesheni, kisha zinachoka wakati mionzi inaanza. Afadhali hesabu ya safari nzima ifanywe kabla ya kuvuka Kasindi, na sehemu ya feza iwekwe kando kwa ajili ya hayo majuma sita. Mionzi iliyokatwa katikati inapoteza nguvu zake.

Uganda wenyewe wanajua maana ya kukosa mashine. Taasisi yao ya Kansa iko tangu 1967, ikifuata kazi ya daktari Denis Burkitt juu ya kansa ya taya ya watoto, ile inayobeba jina lake na ambayo hata waganga wetu wa Lubero wanaifahamu. Lakini mashine yao moja ya mionzi, iliyokuwa imefanya kazi tangu 1995, ilikufa kabisa mwaka wa 2016, na nyingine ikazinduliwa mwezi wa 1, 2018. Karibu miaka miwili inchi nzima, pamoja na sisi tuliokuwa tunaitegemea, ilibaki bila. Leo wana zaidi ya moja. Rwanda imeanza yake mwaka wa 2019 katika hospitali ya jeshi ya Kanombe. Na mwaka wa 2022 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mpango wa kusaidia inchi zisizo na mionzi ya kutosha, Kongo ikiwa kati ya zile saba za kwanza.

Kila wakati wa kampeni utasikia mtu anaahidi "santri ya kansa" Butembo. Kwa maoni yetu huko ni kupaua nyumba isiyo na msingi. Mashine ya mionzi inataka umeme usiokatika, fundi wake na mtaalamu wa fizikia. Kabla ya hapo muji unahitaji mtu anayeweza kusoma kipande cha uvimbe, na daftari ambamo kila kansa inaandikwa. Kampala wanaandika tangu miaka ya 1950.

Kati ya vyumba viwili

Katika hospitali nyingi pediatria inaishia karibu na miaka 15. Ukiizidi, unalazwa kwa watu wazima, kitanda kando ya mzee wa miaka 70. Kijana mwenye miguu mirefu anaonekana ni mtu mzima, lakini hana feza zake, hawezi kuweka sahihi, na maswali yake hayaulizi mtu. Daktari anaongea na papa. Papa anaongea na wajomba. Kijana anasikia kupitia ukuta.

London walifungua chumba cha kwanza cha vijana wenye kansa mwaka wa 1990, katika hospitali ya Middlesex, kwa msaada wa shirika la Teenage Cancer Trust. Fikra yao ilikuwa nyepesi: wawekeni pamoja wa umri mmoja, na muwape muuguzi anayewafahamu. Sisi hatuna jengo, lakini muuguzi mmoja katika kila hospitali kubwa, mwenye simu na daftari, anayejua kijana yupi yuko Kampala, nani amerudi, nani amekosa tarehe yake, huyo tunaweza kumpata. Bila mtu kama huyo, kila familia inajifunza njia peke yake, na inayofuata inaanza tena kutoka sifuri.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009 inampa mtoto wa Kongo haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Hospitalini haki hiyo ina maana ya kumwambia ukweli kwa kiasi anachokiuliza. Vijana wengi wanajua tayari. Wanawaficha wazazi kwamba wanajua, na wazazi wanawaficha wao. Kila mtu analia katika chumba chake.

Tena kuna swali ambalo kwetu linabeba uzito na linaulizwa na wachache: je, atazaa? Kemoterapia nyingine, na mionzi inayopita kwenye uti wa mgongo ao kwenye tezi ya homoni, inaweza kugusa uzazi. Swali liulizwe kabla ya matibabu kuanza, kijana akiwepo. Msichana anayepewa dawa ya kifafa aulize pia kama ile dawa inafaa kwa mtu anayeweza kubeba mimba. Valproate inaweza kuharibu mtoto tumboni, na kuna dawa nyingine za kuchagua.

Wakati kupona hakuwezekani

Kuna aina ambazo hata Paris hawaziponyi, kwa mfano glioma kali inayokaa kwenye shina la ubongo. Kumwambia mzazi hivyo mapema kunamwepusha kuuza shamba na nyumba kwa safari isiyobadilisha kitu. Lakini "hatuwezi kuponya" haina maana ya "hatuna la kufanya". Maumivu yanatibika. Uganda, tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka wa 1993, wanatengeneza morfini ya kunywa kutoka kwenye unga, kwa bei ndogo, na tangu 2004 wauguzi waliofundishwa wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Mgonjwa anakaa nyumbani, karibu na watu wake, na muuguzi anakuja. Kwetu morfini bado inaogopwa kama kitu cha wezi na walevi, na mgonjwa wa kansa anapewa paracetamol. Zone zetu za afya zingeweza kuanzia hapo, na majirani wa kuwafundisha wako saa chache tu kwa gari.

Kwa familia: kumrudisha nyumbani akiwa hai na dawa zake ni rahisi kuliko kuvukisha maiti Kasindi. Ni neno gumu, lakini walinzi wa wagonjwa waliokaa Kampala ndio wanaolisema.

Wanaorudi

Anayepona anarudi na kovu kichwani, nywele chache, na mara nyingi mwendo wa akili uliopungua kasi. Anaelewa, ila anahitaji muda. Mwalimu asiyeambiwa atamwita mvivu, na baada ya miezi miwili ya Kampala, ndilo neno litakalomtoa masomoni. Barua fupi ya daktari kwa mkuu wa shule inatosha: akae mbele, apewe muda zaidi wa kuandika, asikimbizwe kwenye michezo, na akianguka kifafa alazwe upande bila kuwekewa kitu mdomoni.

Miaka ya kwanza picha ya kichwa inarudiwa kila baada ya miezi kadhaa, jinsi daktari aliyempasua anavyopanga, kwa sababu uvimbe unaweza kurudi kimyakimya. Homoni, macho na masikio vinapimwa pia. Tarehe hizo ziandikwe kwenye daftari moja pamoja na tarehe za mtihani wa Serikali, ili moja isile nyingine.